"Fairness" kwa Kihispania: Uhakiki wa Tafsiri za Istilahi za Maadili

Katika tafsiri ya Kihispania ya kitabu cha John Rawls cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, iliyofanywa na María Dolores González na kuchapishwa na Fondo de Cultura Económica mwaka 1979, dhana kuu ya kitabu, "justice as fairness", imekuwa "justicia como imparcialidad". Makala haya yanadai kwamba kisawe hicho kimebadilisha hoja yenyewe, si msamiati tu.

"Imparcialidad" ni sifa ya mwamuzi asiyependelea upande. "Fairness" ya Rawls haina mwamuzi. Inahusu masharti ambayo washiriki wenyewe wangekubaliana, hali hakuna ajuaye atakuwa na nafasi gani katika jamii. Tena, katika kitabu hichohicho Rawls anaonyesha jinsi mtazamaji wa nje asiyeegemea upande anavyotupeleka kwenye falsafa ya manufaa, ambayo ndiyo anayoipinga. Tafsiri imempa mwandishi neno linalomfaa zaidi mpinzani wake.

Kitabu chake cha mwaka 2001 kilipofasiriwa mwaka uliofuata, kilitoka kwa jina la "La justicia como equidad". Neno hili nalo lina mzigo. Tangu Aristotle, wanasheria huliona kuwa ni ulegezaji wa sheria pale kanuni ya jumla inapoumiza katika shauri mahususi, ilhali "fairness" ya Rawls hutangulia sheria na kuweka misingi ya taasisi zinazoitunga. Hata hivyo, naliona kuwa bora. Kasoro ya "equidad" hurekebishika kwa tanbihi moja. Tanbihi ya "imparcialidad" ingelazimika kulikana neno lenyewe.

Anna Wierzbicka, katika kitabu chake cha mwaka 2006, anashikilia kwamba "fair", "right" na "wrong" ni zao la utamaduni wa Kiingereza, tofauti na dhana za wema na ubaya zilizomo katika kila lugha. Hoja hiyo ina nguvu, ila hurahisishwa mno na wanaoinukuu, kana kwamba asiye na neno hana wazo. Mtoto wa Madrid aliyenyimwa zamu yake husema "no es justo" palepale ambapo mwenzake wa London husema "it's not fair", na wote wawili hununa vilevile. Kilichotofautiana ni mipaka ya neno. "Justo" hubeba pia maana ya "just", hivyo haliwezi kutumika kuifafanua "justicia" bila kujizungusha.

Kwa "wrong", Kihispania kina njia ambayo orodha za visawe haziioni. "Está mal mentir" ni hukumu ya kimaadili juu ya kusema uongo. "Es malo" hutaja ubaya wa mtu au kitu. Kitenzi ndicho kinachofanya kazi ambayo Kiingereza kimeziachia nomino na vivumishi. Aliyekosea jibu ni "equivocado", na hakuna anayemdhania kuwa mwovu. Mfasiri anayeng'ang'ania "incorrecto" kila mahali, kwa kuwa ni kivumishi kama kile cha matini chanzi, huigeuza dhambi kuwa kosa la mtihani.

Suala hili linawagusa wanaofasiri nyaraka za sera kwa Kiswahili katika nchi zetu, kwani Kiswahili huunganisha pale Kihispania kinapotenganisha. "Kosa" ni la tahajia na ni la jinai. "Haki" ni stahili ya mtu, na ni uadilifu wa mahakama, na ni mgawanyo unaoridhisha. Fomula ya Rawls ikifasiriwa kwa kamusi itakuwa "haki kama haki". Wengi wetu hukimbilia "usawa", nalo hukosea zaidi, kwani Rawls huruhusu tofauti za kipato zikiwafaidi walio chini kabisa. "Uadilifu" huihamisha sifa kutoka kwenye taasisi na kuiweka katika tabia ya mtu. Wafasiri wa Kiarabu walichagua "insaf", neno linalotokana na mzizi wa nusu, yaani kila upande upate sehemu yake. Kwa Kiswahili napendekeza maelezo badala ya neno moja: "haki kama masharti yanayokubalika kwa wote". Ni marefu, na katika jedwali la istilahi yatachukua mistari miwili.