Samaki Mbichi, Samaki Mkavu: Malezi na Makuzi ya Nafsi katika Rosa Mistika na Utengano

Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili kuhusu makuzi ya mtoto zimezoeleka kiasi kwamba hatutambui tena kuwa zinapingana. "Samaki mkunje angali mbichi" yadai kuwa nafsi hufinyangwa utotoni, na ikishakauka haikunjiki. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" yakiri kuwa mafunzo yapo hata baada ya utoto, ingawa mwalimu wake ni mkali. Uhakiki wetu umeegemea mno methali ya kwanza. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed husomwa, hasa darasani, kama ushahidi wa kanuni moja: ukali wa baba huzaa upotovu wa binti. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kanuni hiyo haitoshelezi, na kwamba riwaya zenyewe, zikisomwa sambamba, zinaikanusha.

Suala hili si la kinadharia tu. Utengano iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, na wasomaji wengi waliikuta katika umri ule ule wa Maimuna anapoingia katika matatizo yake. Jinsi tunavyofasiri anguko lake ni jinsi tunavyowaambia wasichana hao kama mtu aliyeanguka ana njia ya kurudi au hana.

Makuzi na mazoezi

Mhakiki anayetumia saikolojia hupenda kuanza na Erik Erikson, aliyegawa maisha katika hatua nane katika kitabu chake cha 1950, au na Diana Baumrind, aliyeainisha mitindo ya malezi katika miaka ya 1960. Nadharia hizi zina manufaa, lakini zina mtego. Katika uainishaji wa Baumrind, mzazi mwamrishaji huonekana kama chanzo cha kasoro. Tukiuchukua uamuzi huo bila tahadhari, basi jamii nyingi za Afrika Mashariki, ambazo huthamini utiifu wa mtoto, zitakuwa zimelea vizazi vya wagonjwa. Robert LeVine na wenzake, waliotafiti malezi miongoni mwa Abagusii na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994, walionyesha kuwa utiifu na heshima ni malengo halali ya malezi yenye mantiki yake. Kwa hiyo kusema tu kwamba Zakaria na Bwana Maksuudi ni wakali hakufafanui lolote.

Utafiti wa Charles Super huko Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis, uliochapishwa mwaka 1976, unatufaa zaidi. Super aliona kuwa watoto wa huko waliwahi kukaa na kutembea kuliko wenzao wa Marekani, ila hawakuwahi kutambaa. Sababu haikuwa damu. Mama zao waliwafunza kukaa na kutembea kwa makusudi, na kutambaa hawakuwafunza. Kinachofanyiwa mazoezi ndicho kinachowahi. Utafiti huo ulihusu viungo vya mwili, nasi tunauazima kwa njia ya mlinganisho tu, lakini mlinganisho huu unatupa swali bora zaidi. Badala ya kuuliza baba alikuwa mkali kiasi gani, tuulize: mtoto huyu alifanyishwa mazoezi ya jambo gani, na lipi hakupewa nafasi ya kulijaribu?

Rosa: fimbo bila neno

Zakaria anapogundua barua ya Charles kwa Rosa, jibu lake ni kipigo. Wahakiki wamekitaja kipigo hicho mara nyingi. Kinachopuuzwa ni kwamba hakifuatwi na mazungumzo. Rosa anajifunza kuwa mwanamume ni hatari, lakini haambiwi hatari hiyo ni ipi, wala jinsi ya kukataa, wala jinsi ya kukubali kwa staha. Utamaduni wa Kiswahili haukukosa mfano wa malezi ya maneno: mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mzima wa wasia. Mtu anaweza kupinga maudhui ya wasia huo, lakini hawezi kukana kuwa binti anasemeshwa. Zakaria, mlevi anayempiga pia mkewe Regina, hana wasia. Ana mkono tu.

Ndiyo maana uhuru wa shuleni, na baadaye wa chuo cha ualimu, unamkuta Rosa kama mtu anayetakiwa kukimbia kabla hajatambaa. Hata hivyo, kifo chake hakitokani na hayo moja kwa moja. Rosa anarudi Ukerewe akiwa na nia ya kutulia, na uchumba wake na Charles waonekana kuwa mlango wa maisha mapya. Mlango huo unafungwa inapodhihirika kuwa yeye si bikira. Hapa kanuni ya baba mkali inashindwa kabisa. Kinachomwua Rosa ni jamii isiyokubali kwamba mtu mwenye historia anaweza kuwa na mustakabali. Kezilahabi analijua hilo, kwani anaipeleka kesi mbele ya hukumu ya Mungu, ambako baba na binti wanashtakiana. Lau lawama ingekuwa ya baba peke yake, kesi hiyo isingehitajika.

Maimuna na nduguye

Bwana Maksuudi hutumia mlango pale Zakaria anapotumia fimbo. Maimuna anatawishwa ndani, haijui jamii wala jamii haimjui, na baada ya mamaye Tamima kutalikiwa na kufukuzwa, anatoroka. Anguko lake mjini lafanana na la Rosa, na kwa sababu ile ile: ameingia ulimwenguni bila mazoezi.

Lakini nyumba hiyo hiyo ina Mussa. Yeye hakufungiwa. Anatoka na kuingia apendavyo, na bado ananaswa katika mtego wa Kazija, mwanamke yule yule aliyemnasa babaye. Msomaji anayedai kuwa tatizo ni ukosefu wa uhuru hana budi kumweleza Mussa. Kwa maoni yetu, kaka na dada wamenyimwa kitu kimoja kwa njia mbili. Maimuna hakuachiwa achague, na Mussa hakuulizwa kuhusu alichochagua. Kote wawili hakuna mzazi anayeandamana na mtoto.

Tofauti kubwa na Rosa Mistika imo katika tamati. Maimuna anarejea kijijini, anapokelewa, anazoea maisha ya kawaida, na hatimaye anaolewa na Kabi, mtu anayezijua habari zake. Nafsi iliyodhaniwa kukauka inakunjika upya. Haya si miujiza ya msuko. Ni malezi ya pili, na walezi wake ni watu wa hali ya chini ambao Bwana Maksuudi aliwadharau. Rosa na Maimuna wanatofautiana kidogo sana katika utoto wao, na kwa kiasi kikubwa katika namna wanavyopokelewa wanaporudi.

Utoto kama sababu

Yafaa pia kuzikosoa riwaya zenyewe. Zote mbili zaanza wahusika wakiwa wamekwishabaleghe au wako karibu. Utoto wenyewe, yaani michezo, woga, wivu wa ndugu, urafiki wa kwanza, haumo ila kwa muhtasari. Mtoto anasawiriwa kama sababu ya mtu mzima atakayefuata, si kama nafsi inayoishi kwa wakati wake. Said Ahmed Mohamed, anayeingia zaidi katika fikira za Maimuna, anapunguza upungufu huu bila kuuondoa. Kwa hiyo mhakiki anayejenga hoja nzima juu ya utoto wa Rosa anajenga juu ya kurasa ambazo hazikuandikwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya hizi mbili hazifundishi kuwa utoto ni hatima. Zikisomwa pamoja, zinasema kwamba mtoto huharibiwa na ukimya unaoandamana na fimbo au mlango, na kwamba uharibifu huo huwa wa mwisho pale tu jamii inapoamua uwe hivyo. Methali ya pili inastahili kurudishwa katika uhakiki wetu, pamoja na nyongeza moja ambayo Utengano inatupatia: ulimwengu unaofunza una nyuso mbili. Upo ule unaomwadhibu asiyefunzwa, na upo ule unaomketisha chini na kuanza kumfunza upya. Mwalimu wa fasihi anayeingia darasani na vitabu hivi anachagua, apende asipende, ni ulimwengu upi ataouwakilisha.