Sifa ya Mwashi wa Chokaa

Nyumba kongwe za Makadara na za Mji wa Kale unaopakana nao, kisiwani Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na mifupa ya viumbe wadogo wa baharini, yenye vitundu tele, na uhodari wa mwashi haukuwa katika kuyakata tu bali katika kujua jua, mvua na chumvi vitayatenda nini.

Tumbawe bichi, likitolewa baharini, ni laini na huchongeka nakshi za mihrabu bila taabu. Likianikwa, maji yake hutoka na kukauka, na chokaa iliyoyeyuka humo hubaki karibu na uso na kuufanya mgumu. Madhara huja baadaye. Mvua, ambayo huwa na tindikali kidogo kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani, huliyeyusha jiwe polepole, na upepo wa kusi huleta unyunyu wa bahari unaopenya vitunduni. Maji yakikauka, chumvi huganda kuwa fuwele, yaani chembe ngumu zenye pembe, nazo hukua zikisukuma kuta za vitundu, na kila unyevu unaporudi na kukauka msukumo huo hurudiwa, hata uso wa jiwe ukawa unga wa kupanguswa kwa kidole.

Waashi waliyachoma matumbawe tanurini, wakayazima kwa maji, wakayachanganya na mchanga kupata lipu ya chokaa. Lipu hiyo, ikishapigwa ukutani, hunyonya kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe dhaifu kuliko lile inalolifunika. Udhaifu huo ndio ustadi wenyewe, kwa kuwa unyevu hupita kwenye lipu, chumvi hugandia humo, lipu ndiyo ibomokayo, na fundi huipiga upya jiwe likiwa zima. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni ya matumbawe hayohayo, wala haikudumu zaidi ya miaka 400 kwa ugumu wa jiwe; imedumu kwa kutunzwa. Saruji hutenda kinyume: ni ngumu kuliko tumbawe, huzuia unyevu kutoka, na jiwe huliwa na chumvi nyuma ya uso unaoonekana mzima.

Mwenye nyumba ya matumbawe asikubali ipigwe lipu ya saruji; amtafute mwashi wa chokaa angali yupo, na ampelekee kijana wa kujifunza kazi.