Tufaha la Maier

Michael Maier alikuwa tabibu katika kasri ya Kaisari Rudolf wa Pili mjini Prague, na mwaka 1609 Kaisari alimtunuku cheo cha ukabaila. Krismasi ya 1611 tayari alikuwa akitafuta kivuli kingine: alimpelekea Mfalme James wa Uingereza salamu ambazo maneno yake yamepangwa umbo la waridi, na muziki pamoja nazo. Ni ushairi unaobisha hodi. Mwezi uliofuata Rudolf akafariki.

Kitabu chake kikuu, *Atalanta Fugiens*, kilichapishwa Oppenheim mwaka 1617. Kina nembo 50. Kila moja ina picha ya bamba la shaba, ubeti wa Kilatini wa mishororo sita pamoja na tafsiri ya Kijerumani, maelezo ya nathari, na muziki wa sauti tatu zifukuzanazo. Sauti moja ni Atalanta akimbiaye, ya pili Hippomenes amwandamaye, ya tatu tufaha la dhahabu limcheleweshalo.

Wapo waonao humu tunda la ufadhili wa kifalme. Nakubali nusu tu. Bila Prague, Maier asingelikaa miongoni mwa wanaalkemia waliokusanywa na Rudolf. Lakini beti zilizo dhaifu ndizo hasa zenye harufu ya barazani: elimu nyingi, pumzi kidogo. Katika nembo ya kwanza upepo umebeba mtoto tumboni. Picha inatisha na kunyamaza. Ubeti haunyamazi; unaharakisha kumsifu mtoto kuwapita mashujaa, kana kwamba yupo bwana anayesubiri kusifiwa. (Mfasiri yeyote anaujua uzito wa mishororo ya aina hii: huvuka lugha salama, kwa kuwa hapana cha kupotea.)

Kuhusu muziki, uchunguzi wa Loren Ludwig umeonyesha kwamba sehemu kubwa yake ilichukuliwa kutoka kitabu cha Mwingereza John Farmer cha mwaka 1591, ambaye Maier hakumtaja. Hilo ni kosa, nami silifuniki. Hata hivyo Farmer alitunga mazoezi ya ufundi. Aliyeyapa majina ya mkimbiaji, mfukuzaji na tufaha ni Maier, na jina ni kazi ya mshairi. Katika fuga zile za kuazima, sauti ya tufaha hurudia wimbo uleule mmoja, nao wawili hukimbia wakiuzunguka.