Vox AC30 kwenye stima ya Molo

Malalamiko yalikuwa kwamba amplifaya inakula valvu. Ni Vox AC30 ya miaka ya 60, mali ya mkulima wa viazi nje kidogo ya mji wa Molo, ambaye wikendi hupiga gitaa la solo kwenye harusi. Kila seti ya EL84 nne ilikuwa ikichoka upesi: sauti inaanza kukwaruza, valvu moja inaiva nyekundu, kisha fyuzi inakatika. Mafundi waliopita walibadilisha valvu na kwenda zao. Swichi ndogo ya kuchagulia volti hakuna aliyeiangalia.

Kwenye AC30 za zamani swichi hiyo ina nafasi tano: 115, 160, 205, 225 na 245. Hii ilikuwa kwenye 225, ilhali stima ya Kenya ni volti 240. Transfoma haijui kusamehe, inazidisha tu kile inacholetewa. Gawanya 240 kwa 225 utaona kila volti ndani ya sanduku imepanda kwa karibu asilimia 7. Nyuzi za kupashia valvu moto, zinazotakiwa kupata 6.3, zinapata 6.7. Hapo bado pana uhai, kwa kuwa kawaida huruhusiwa asilimia 10 juu au chini. Lakini usiku, mashine za posho zikishazimwa na majirani wamelala, stima huweza kupanda. Ikigusa 250, nyuzi zinapata 7.0 na mpaka umevukwa. Na usiku ndio wakati wa harusi kunoga.

Volti kubwa ya plati nayo hupanda sambamba, na ndiyo inayoua. Maelezo ya EL84 yanataka plati isizidi volti 300 wala wati 12. Dick Denney, aliyeisanifu AC30 kwa kampuni ya Jennings huko Dartford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliziweka valvu hizo ukingoni kabisa, na mara nyingi zinapita ukingo huo hata kabla noti ya kwanza haijapigwa. Mashine iliyoundwa hivyo, ukiiongezea asilimia 7, umeimaliza.

Kwa nini basi mtu aivumilie? Jibu liko kwenye saketi. Amplifaya nyingi huchukua sehemu ndogo ya sauti inayoelekea kwenye spika na kuirudisha nyuma ili kusahihisha makosa. Hatua ya mwisho ya AC30 haifanyi hivyo, kwa hiyo tofauti ya kidole laini na kidole kikali haifutwi njiani. Tena, valvu zote nne zimekalia rezista moja kwenye katodi. Ukipiga kwa nguvu, mkondo unaongezeka, volti ya rezista hiyo inapanda, na valvu zinajizuia zenyewe kidogo. Sauti inabanwa, kisha inachanua noti inapoendelea kulia. Matangazo hupenda kuiita ya daraja A. Ukweli ni kwamba ikipigwa kwa nguvu zake zote haiko huko, na wala haihitaji sifa hiyo.

Mpiga solo wa benga anaijua faida yake hata kama hana maneno ya kifundi. Solo ya benga hukaa juu kwenye shingo ya gitaa, noti zinakimbizana, na kila moja lazima ijitenge na mwenzake, kwa kuwa mtindo wenyewe umechota mengi kwenye nyatiti. Magharibi ya Molo, mjini Kericho, kampuni ya Chandarana ilirekodi bendi nyingi za namna hiyo, na ukisikiliza santuri zake utasikia gitaa kavu, lenye makali, bila mwangwi mwingi. Sauti hiyo inatoka amplifaya ikiwa karibu kuanza kukwaruza lakini haijakwaruza. Weka AC30 hapo, kisha fanya kazi iliyobaki kwa kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa.

Kazi ya kuiponya ilianza kwa kutoa umeme uliolala kwenye kapasita. Volti zaidi ya 300 hubaki humo hata plagi ikiwa imechomolewa, na fundi asiyezitoa kwa rezista na kuhakikisha kwa mita anacheza na maisha yake. Kisha swichi ikapelekwa 245. Kapasita ya kwanza baada ya GZ34, ile valvu inayogeuza umeme, ilikuwa imebadilishwa na fundi fulani akaweka ya mikrofaradi 100 ili kuua mvumo. GZ34 mwisho wake ni 60. Mvumo ulipungua kweli, ila kila ikiwashwa valvu hiyo ilipigwa na mkondo isioweza kuuhimili. Tulirudisha ndogo. Waya wa athi, uliokuwa umekatwa, uliungwa upya, na fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi ikatoa nafasi kwa ya 3. AC30 haili hata ampea moja. Fyuzi ya 13 ingesubiri nyumba iwake kwanza.

Mwinuko ulihitaji mawazo yake. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Baridi ya Molo humdanganya mtu kwamba amplifaya haiwezi kupata joto, lakini hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Blanketi lililokuwa likifunika matundu ya juu ili "isipate baridi" liliondolewa. Ikitoka stoo yenye ukungu kuingia sebule yenye jiko, iachwe kwanza umande ukauke ndipo iwashwe.

(Wenye amplifaya ya Fender iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani wana taabu nyingine. Kibadilisha volti hakibadilishi mizunguko: transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 ikifanyia kazi 50 zetu, chuma chake hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Iguse baada ya saa moja uone joto lake.)

Kwa valvu, nilipendekeza 6P14P-EV za Kisovieti. Wapenda valvu za Mullard huzidharau, lakini zinastahimili kuliko EL84 nyingi zinazotengenezwa leo.

Zimebaki spika. Ni Celestion mbili za wati 15 kila moja, jumla 30, na AC30 iliyofunguliwa hadi mwisho hutoa zaidi ya hapo. Ama ziongezwe nyingine nje, au sauti isipite nusu. Mwenyewe amechagua nusu, na kwa kumbi za Molo, nusu ya AC30 inatosha kumfanya mshereheshaji aombe maikrofoni nyingine.