Chungu Huanzia Kibanjani

Mgeni anayefika Bukoba mara ya kwanza, akaiona migomba iliyofunika vilima kuanzia ukingo wa Ziwa Viktoria hadi macho yanapokoma, huamini kuwa ameingia nchi yenye udongo wa neema. Kumbe udongo wa asili wa sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba ni hafifu. Mvua ya mwambao wa ziwa, ambayo mjini Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, imekuwa ikiuchuja tangu enzi na enzi na kuizamisha rutuba yake mahali mizizi isipofika. Asiyesadiki atoke kibanjani, yaani shamba la migomba la nyumbani, aingie rweya, ile mbuga ya nyasi inayozunguka vijiji. Hatua chache tu na udongo mweusi unakatika, unaanza udongo mkavu wenye mawe, ambako mgomba ukipandwa hudumaa. Tofauti hiyo imeletwa na mikono ya watu. Kuna waliokata nyasi za rweya wakazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba. Kuna waliolaza ng'ombe juu ya nyasi na kuzoa samadi kila asubuhi. Kuna waliorudisha kibanjani maganda, majivu na majani makavu, mwaka baada ya mwaka, mpaka pale palipokuwa pakavu pakawa shamba la kulisha ukoo.

Ndiyo maana naamini kwamba anayetaka kuyasifu mapishi ya Wahaya, wenyeji wa pande hizi za mkoa wa Kagera, asianzie jikoni. Tumezoea kusema kuwa chakula cha nyumbani ni upendo, na tukiulizwa kwa nini, tunataja utamu wake au kumbukumbu za utotoni. Hizo ni sababu nyepesi, kwa maana hata andazi la kununua stendi lina utamu na kumbukumbu zake. Sababu nzito ni kwamba sahani ya ndizi na maharage haipatikani mpaka mtu awe amemtunzia mwenzake jambo fulani kwa miaka mingi, kabla njaa yenyewe haijabisha hodi. Aliyetandaza nyasi mwaka huu anawalisha watu wa mwaka kesho na wa baadaye, na wengine kati yao hawajazaliwa. Huo ndio upendo ninaouzungumzia. Ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, unaofundishika na unaoweza kupotea.

Tazama jinsi shina la migomba linavyolelewa. Mgomba haupandwi ukaachwa. Kutoka chini huchomoza machipukizi mengi kuliko yanavyoweza kushiba, na mkulima hana budi kuchagua. Mabwana shamba hufundisha kuacha mimea mitatu katika kila shina, mama, mtoto na mjukuu, yaani ulio na mkungu, unaoufuatia, na mdogo utakaozaa baada ya hapo. Mingine yote hung'olewa, au huhamishiwa kwingine. Anayeona huruma na kuyaacha yote atavuna mikungu myembamba, na mwenye tamaa akiacha moja tu atakaa na njaa katikati ya misimu. Majani makavu huondolewa, mgomba uliolemewa na mkungu huegemezwa nguzo, na chini ya kivuli hupandwa maharage, magimbi na mibuni. Kibanja kilichotunzwa hivyo huendelea kuzaa kwa miongo mingi bila kupandwa upya chote. Na humo humo ndimo wazee wa ukoo walimozikwa. Mhaya anayekata mkungu karibu na kaburi la babu yake anajua ni nani aliyeanza kuuhudumia udongo ule, na kwa hiyo kuuza kibanja kumekuwa tangu zamani jambo la kuuliza ukoo, haliamuliwi na mtu mmoja peke yake.

Jikoni nako kuna elimu yake. Mpishi hapokei ndizi tu. Anauliza ni ndizi gani. Enchoncho, Enshakala, Entobe, Embwailuma, kila moja ina muda wake wa kuiva na ulaini wake, na Embile haiingii kwenye chungu cha mchana kwa kuwa ni ya kutengenezea pombe. Kisu hukata ncha mbili za ndizi, kisha makali yake hupitishwa chini ya ganda na kulivua kwa vipande virefu. Ganda likibaki kidogo, ndizi itaiva na michirizi myeusi na ukakasi. Utomvu hunata vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni ya mara moja, kwa hiyo wamenyaji wengi hupaka mikono mafuta kwanza. Iliyomenywa hutumbukizwa majini papo hapo isiharibike rangi. Wakati huo maharage makavu yako motoni kitambo, maana yasipoanza mapema yatabaki magumu ndizi zikiwa zimeshavurugika. Ni hesabu ya muda isiyohitaji saa: mpishi huonja punje moja, na ikikubali kupondeka kwa kidole huku ikishika umbo lake, ndizi huingia. Juu hufunikwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalegea ili yasipasuke, nayo hushikilia mvuke na kukipa chakula harufu yake. Ndizi njema huiva ikawa laini na ya manjano. Rangi hiyo ndiyo hukumu ya kwanza, mlaji anaitoa kwa macho kabla hajaonja.

Hapa mtu makini ataniwekea pingamizi, na ni pingamizi zito. Atasema: unausifu ufundi ambao mzigo wake umebebwa na wanawake, kisha unauita upendo. Atataja senene. Panzi hao wa kijani hushuka hasa Novemba na Desemba, msimu wa mvua, na zamani wanawake na watoto ndio walioamka alfajiri kuwaokota majanini kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Wakawanyofoa mbawa na miguu, mmoja mmoja, kazi ya saa nyingi; wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe; kisha mwiko ukawakataza kuwala, sahani ikaenda kwa mume. Sina la kutetea katika mwiko huo. Ulikuwa dhuluma, na kuuita utamaduni hakuusafishi. Lakini tazama kilichofuata. Mwiko umevunjika, leo wanawake wa Bukoba wanakula senene, wanawauza sokoni, na wanawafungashia ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam. Je, senene walipoteza hadhi? La. Ni chakula kinachongojwa na Wahaya wote kuliko kingine chochote, na mfuko wa senene uliotumwa kwa basi unasema mengi kuliko salamu za simu. Kwa hiyo urithi unaweza kurekebishwa bila kuuawa. Dhuluma ilikuwa katika mgawo wa kazi na wa sahani, nao ufundi wenyewe haujui jinsia. Zamani kazi nyingi za migomba zilikuwa za wanaume, na hata rubisi, pombe ya ndizi, ilikanyagwa na miguu yao. Mwanamume aliyeweza kuvundika ndizi, kuzikamua na kupima mtama wa kuchachusha ana uwezo wote wa kumenya ndizi za mchana. Asiyefanya hivyo asijifiche nyuma ya mila.

Pingamizi la pili linatoka hospitalini, nalo linauma zaidi. Kagera ni mkoa wa chakula, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Upendo gani huo usiomkuza mtoto? Jibu langu ni kwamba takwimu hizo hazikikanushi chungu cha asili, zinaonyesha tulivyokipunguza. Ndizi ni wanga kwa sehemu kubwa, na wazee walilijua hilo kwa matokeo hata kama hawakuwa na jina la protini. Ndiyo sababu chungu kilikuwa na maharage au njugumawe ndani yake, pembeni kukawa na samaki wa ziwani, mboga za majani, na maziwa kwa mwenye ng'ombe. Njugumawe zenyewe wanawake walizilima kwenye rweya, ardhi ambayo wengine waliiona haina kazi. Familia nyingi zilipokosa ng'ombe zilikosa maziwa na samadi kwa mpigo, kibanja kikachoka, na sahani ikabaki ndizi yenye chumvi. Mama anayempa mwanawe sahani hiyo anampenda vilevile. Alichokosa ni mnyororo mzima uliompa mama yake uwezo wa kupenda kwa vitendo. Anayeitetea ndizi peke yake bila maharage, bila dagaa, bila mbuzi au ng'ombe wa samadi, anatetea kipande cha urithi na kukiita urithi mzima.

Lipo pia la tatu, ambalo husikika zaidi mijini: ndizi za Bukoba zinapatikana sokoni Dar es Salaam, mapishi yameandikwa, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Mwenye kusema hivi asome kilichotokea Kagera tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika mkoani humo, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Kizazi cha katikati, ambacho kingefundisha kuchagua chipukizi na kusikiliza chungu, kiliondoka. Bibi hao walilea, walilima na kupika katika umri wa kupumzika. Kama kuna mahali neno upendo linastahili kuandikwa bila woga, ni pale. Kisha fukusi na minyoo fundo wakala tunguu na mizizi, na mwaka 2006 mnyauko bakteria ukaripotiwa wilayani Muleba. Ugonjwa huu hausikii dawa. Mgomba hunyauka, matunda huiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, na kisu kilichogusa mgonjwa humwambukiza mzima. Dawa ni nidhamu: kung'oa shina lenye ugonjwa, kuchoma kisu motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na kuondoa ua dume kwa mti wenye panda, kwa kulizungusha mpaka likatike, ili chuma kisiguse utomvu. Soko halikufanya kazi hiyo. Waliifanya watu waliojua kila shina lao.

Miche mipya imesaidia, na sina chuki nayo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa maendeleo wa Kagera, KCDP, ulisambaza aina zinazostahimili wadudu na magonjwa, zikiwemo za taasisi ya FHIA ya Honduras, na kituo cha utafiti cha Maruku kimefanya kazi ya kuheshimika. Nyumba zilizokuwa zinalala njaa zilipata mikungu mikubwa. Hata hivyo wapishi waliipima kila aina kwa kipimo chao, ulaini na rangi ya manjano, wakaipa kila moja nafasi yake: hii ya kupika, hii ya kuivisha, hii ya pombe. Hivyo ndivyo urithi hai unavyopokea kigeni. Hauwezi kufanya hivyo pasipo watu wenye kipimo, na kipimo hakipatikani kwenye karatasi ya mapishi.

Hata kahawa ya mgeni inashuhudia jambo lile lile. Akamwani, buni zinazochemshwa na majani yenye harufu, zikaanikwa na kutafunwa, huandaliwa siku nyingi kabla hajajulikana mgeni ni nani. Nyumba inayompa mgeni buni hizo ilimfikiria kabla hajaja.

Basi ninyi mnaorudi Bukoba na Muleba kila Desemba, magari yakajaa barabara ya Kamachumu na ya Kanyigo, msiishie kula. Wapeni watoto, wa kiume na wa kike, kisu na ndizi wamenye mpaka vidole viwe vyeusi. Waonyesheni mama, mtoto na mjukuu katika shina moja, na mti wenye panda unavyokamata ua dume. Waulizeni wazee majina ya ndizi zote za kibanjani, muyaandike. Lipieni mzigo wa nyasi na samadi kabla ya kulipia rangi ya ukuta. Na kama ukoo unataka kuuza kibanja, fikeni kwenye kikao hicho, mkatae.