Pongezi kwa Wanaosimama Mkutanoni

Musoma, Bunda na Butiama zina watu wanaostahili pongezi ingawa hawana cheo wala mshahara: wakazi wanaosimama kwenye mkutano wa mtaa au kijiji kudai mtaro uzibuliwe, taka zizolewe na watoto wapate pa kuvukia. Hayo si mambo madogo. Musoma iko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Chupa inayotupwa mtaroni husombwa na mvua hadi ziwani, kunakotoka samaki na maji ya kunywa. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inapita Bunda na kuingia wilaya ya Butiama, na ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi hubaki maandishi pasipo wa kuudai.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya serikali, maana kodi tumelipa. Ni kweli, ila nusu tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na papo hapo inamtwika wajibu wa kuyalinda. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilitoka serikalini, lakini aliyelitia nguvu ni mteja aliyekwenda sokoni na kikapu chake. Wengine huwaita wakazi hao walalamishi, na wanapodai njia ya miguu iachwe wazi, maadui wa machinga. La hasha: njia ya miguu inayopitika ndiyo inayomfikisha mteja kwenye meza ya machinga. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ukisikia mkutano wa mtaa umeitishwa, nenda, nawe useme.