Kipanya Mkononi mwa Nani? Maoni juu ya Necessary Noise

Kitabu cha Chérie Rivers Ndaliko, Necessary Noise (2016), chachunguza sanaa na ufadhili mashariki mwa Kongo, hususan kituo cha Yole!Africa mjini Goma, ambako vijana walijifunza kutunga muziki na filamu kwa vyombo vya kidijitali. Hoja yake kwamba ufadhili wenye nia njema huweza kuugeuza wimbo kuwa tangazo la mfadhili ina mashiko. Huko Kibumba, kaskazini mwa mji huo, kulikowekwa kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, msaada si neno la vitabuni.

Hata hivyo, hoja hiyo yafaa isogezwe hadi ndani ya studio. Mpiga ngoma akikosea, wenziwe humrudisha au humfuata. Sauti yake imekwisha kusikika. Katika kompyuta kila sauti huwekwa kwenye mstari wake, nayo huweza kunyamazishwa hata mwenyewe asipokuwapo. Wanafunzi kumi waweza kurekodi pamoja na wimbo ukawa wa mmoja, yule aliyeshika kipanya. (Naye, yumkini, ndiye aliyesoma zaidi.) La kwanza kuhatarika ni Kiswahili cha Goma chenyewe, kilichochanganyika na Kifaransa na Kilingala: ubeti husafishwa ili ueleweke ugenini. Mwalimu atakayewapokea vijana wa Kibumba hana budi kugawa zamu za kuhariri kabla ya zamu za kuimba.